Mchanga Mbichi

Mama Pacha aliisikia treni ikilegea kabla hajauona mshale wa kipimo cha mwendo ukishuka. Muungurumo wa injini ulipanda ghafla ukawa mwepesi, kama mashine ya kusaga iliyoishiwa nafaka huku mota bado inazunguka. Chini yake magurudumu yalikuwa yakizunguka upesi kuliko treni ilivyokuwa ikienda. Akaurudisha nyuma mkono wa nguvu, akasubiri yashike reli, kisha akaongeza kidogo kidogo. Yakashika. Yakaachia tena.

"Shika basi," alisema kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake kwenye chumba cha dereva. "Shika, baba, usinifanyie hivi."

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Mvua ya kwanza baada ya wiki tatu za ukavu ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na sasa jua lilikuwa limetoka kali. Nyuma yake kulikuwa na mabehewa manane na abiria mia tatu na ushei, na alikuwa katikati ya mlima mrefu kuliko yote kwenye njia ile. Katika miaka kumi na moja ya udereva ameupanda akivuta saruji, ameupanda akivuta ng'ombe, na haujawahi kumgomea.

Ndipo alipowaona. Mwanzoni alidhani ni kivuli cha wingu kimelala juu ya reli, ila kivuli kile kilikuwa kinatambaa. Walikuwa viwavijeshi, maelfu kwa maelfu, wanahama kutoka shamba la mahindi upande wa kushoto kwenda shamba la upande wa kulia. Chini kule alikuwa amepita juu ya wachache akawapuuza. Huku juu walikuwa zulia. Magurudumu yaliwaponda, na uji wao wa kijani ukapakwa kwenye chuma kama sabuni.

Asiyeijua kazi hii hudhani treni haiwezi kuteleza kwa uzito wake. Gurudumu ni chuma, reli ni chuma, na pale vinapogusana hapazidi ukubwa wa kitufe cha koti. Uzito wote na nguvu zote hupita kwenye vile vitufe. Kikiingia kitu cha utelezi hapo katikati, yawe majani yaliyosagika, au mafuta, au viwavi, injini kubwa kuliko nyumba inabaki kupiga kelele tu. Dawa yake ni mchanga mkavu. Kila injini ina masanduku ya mchanga, na dereva akikanyaga pedali, upepo huusukuma mchanga kupitia bomba hadi mbele ya gurudumu, na gurudumu hupata cha kuuma.

Mama Pacha alikanyaga pedali. Upepo ulifoka. Akasubiri kusikia ule mkwaruzo wa mchanga unaosagwa, mkwaruzo ambao madereva huupenda kuliko muziki. Haukuja. Akakanyaga tena, akakanyaga kwa hasira. Upepo mtupu.

Treni ikasimama. Akafunga breki zote, chuma kikaumana na chuma, kukawa kimya. Akiwa bado anashusha pumzi, akaona nguzo ya simu nje ya dirisha ikisogea mbele. Ilimchukua muda kidogo kuelewa kwamba nguzo haitembei. Magurudumu yalikuwa yamefungwa, hayazunguki hata kidogo, lakini treni nzima ilikuwa inaserereka kinyumenyume kama sahani juu ya meza iliyomwagikiwa mafuta.

Hatua kumi. Ishirini. Alikaza mkono kwenye breki kana kwamba nguvu za kiwiko chake zingeongeza kitu. Kama hatua thelathini hivi, treni ikasita, ikatoa mlio mrefu, ikasimama.

Chini ya mlima kulikuwa na kona kali, baada ya kona daraja, na baada ya daraja makutano ambapo barabara ya sokoni inakatiza reli. Na leo ilikuwa siku ya soko. Tena kwenye behewa la tatu alikuwemo mdogo wake, mwenye mimba ya miezi minane na nusu, presha imepanda, anakwenda hospitali kubwa ambako daktari amesema lazima afike leo hii.

Akachukua redio. "Kontroo, nimekwama mlimani. Viwavi kwenye reli. Mchanga hautoki."

"Pole, Mama Pacha," ilisema sauti ya mdhibiti, imetulia kama ya mtu anayekunywa chai. "Injini ya kukuvuta itachukua saa tatu. Funga breki, usubiri."

"Breki nimefunga. Treni inaserereka."

Redio ilipoongea tena, chai ilikuwa imewekwa chini. "Inaserereka na breki?"

"Hatua thelathini. Sasa hivi. Fungeni makutano, waondoeni watu pale."

"Nafanya hivyo. Mama... usiifanyie papara."

Aliposhuka alimkuta gadi wa treni anapanda kandokando ya mabehewa, mkono kiunoni, anahema. Alikuwa mzee aliyebakiza miezi mitano kustaafu, na kila mtu alimwita Bendera, kwa sababu alilala na bendera yake ya kijani kwapani hata siku za mapumziko, au ndivyo walivyomtania.

"Nimeweka vigingi vya kuzuia magurudumu kule nyuma," Bendera alisema. "Viwili. Vinatakiwa vinne, lakini hivyo vingine nimeanza kuvidai tangu mwaka juzi. Nadhani vitakuja kwenye mazishi yangu."

Mama Pacha hakucheka. Alikuwa ameshapanda ngazi ya pembeni mwa injini na kufungua kifuniko cha sanduku la mchanga. Lilikuwa limejaa pomoni. Akatia mkono, na mkono haukuzama. Mchanga ulikuwa umegandamana kama sukari iliyolowa, baridi, rangi ya udongo wa mfinyanzi. Akautoboa kwa kidole, chini ulikuwa mbichi zaidi. Akafungua la upande wa pili. Vilevile.

Asubuhi ile, kwenye karakana, fundi alikuwa amempa karatasi ya ukaguzi. *Mchanga: umejaa, mkavu.* Chini yake sahihi ya fundi, na chini ya hiyo sahihi yake yeye. Fundi mwenyewe ni shemeji yake, mume wa huyo huyo mdogo wake aliyemo kwenye behewa la tatu. Karakana nzima ilimwita Nyundo. "Kila kitu safi, shemeji," alimwambia. "Mfikishie mwenzangu salama." Kanuni inasema dereva afungue kifuniko na aushike mchanga kwa mkono wake. Lakini mdogo wake alikuwa anahangaika na ngazi za behewa, na shemeji ni shemeji, basi akatia sahihi akaenda kumshika mkono mgonjwa.

"Mbichi," alimwambia Bendera.

"Nani kakagua?"

"Shemeji yangu. Na mimi."

Bendera alitazama reli. "Mvua ilinyesha siku mbili," akasema polepole. "Mtu anaweza kusema maji yaliingilia kwenye kifuniko, huku huku njiani."

"Tutajua la kusema tukifika juu, mzee. Kwanza tufike."

Kulikuwa na njia moja iliyoruhusiwa kitabuni. Treni ikishindwa mlima, dereva anaweza kuikata katikati, akapandisha mabehewa manne ya mbele, kisha akarudi kuchukua ya nyuma. Mama Pacha aliyahesabu kwa macho, moja, mbili, tatu. Behewa la tatu lilikuwa upande wa mbele. Angeweza kumfikisha mdogo wake juu ndani ya nusu saa, na hakuna ambaye angemlaumu. Wazo hilo lilimjia tamu sana, kisha likamtia aibu. Mabehewa manne ya nyuma yangebaki kwenye reli iliyopakwa uji, yameshikiliwa na vigingi viwili vya mbao, na chini yao soko.

"Hatuikati," alisema, ingawa Bendera hakuwa ameuliza. "Nataka mchanga mkavu. Hata ndoo tatu."

Bendera alijipiga paji la uso. "Ndoo za moto!"

Kila behewa lilikuwa na ndoo nyekundu imening'inizwa mlangoni, imejaa mchanga wa kuzimia moto. Hakuna aliyekumbuka lini moto uliwahi kuzimwa nao. Abiria walitupia humo maganda ya machungwa na vichungi vya sigara. Lakini ulikuwa chini ya paa miaka yote, na ulikuwa mkavu kama unga. Ndoo nane.

Bendera akapita behewa hadi behewa akitangaza kwa sauti yake ya stesheni. Wenye nguvu washuke, watembee kupanda mlima, wakae mbele ya injini na mbali na reli. Wagonjwa, wazee na wenye watoto wachanga wabaki. Mama mmoja mfanyabiashara wa vyombo akafungua furushi lake akatoa chekeche jipya la kuchujia taka za kwenye mchanga. Wanaume wakatoa magunia. Mmoja alianza kuvunja matawi ili afagie viwavi kwa majani, Mama Pacha akamkemea kama anamkemea mwanawe.

"Majani hapana! Majani yakipondwa ni mafuta mengine. Gunia kavu, ufute mpaka uone chuma kinang'aa. Na wewe, usikae kati ya injini na behewa. Kaa mbele, nikuone."

Kila aliyesogea karibu na magurudumu alimpandisha roho. Aliona kila kitu mara mbili, kilivyo, na kitakavyokuwa treni ikisogea. Watu walifuta reli hatua mia tano kwenda juu, wengine wakasimama kwa safu upande wa shamba wakiwasukuma viwavi kwa mbao na viatu. Hawakuisha. Ukifuta hapa, wanatambaa pale.

Alipita chini ya dirisha la behewa la tatu. Mdogo wake alikuwa ameegemeza kichwa kwenye fremu, uso umevimba.

"Dada, kuna nini?"

"Wadudu tu."

"Wadudu ndio wanasimamisha treni?"

"Wakiwa wengi. Unajisikiaje?"

"Kichwa kinagonga. Na naona vitu vinametameta, kama vimulimuli." Akajaribu kutabasamu. "Mume wangu alisema leo tutafika mapema."

"Tutafika," alisema Mama Pacha, akaondoka haraka kabla uso wake haujasema mengine. Daktari alikuwa amewaonya kuhusu vimulimuli.

Mchanga wa ndoo ulikuwa tayari, lakini mabomba yalikuwa yameziba kwa tope la mchanga wa zamani. Walikwangua masanduku kwa koleo mpaka yakawa tupu, yakafutwa kwa shati la mtu. Kisha ilibidi mtu aingie chini, alale juu ya kokoto, azibue bomba kutokea mdomoni kwa waya. Bendera alianza kukunja suruali.

"Wewe magoti yako yatakwama humo, tukuvute kwa injini," Mama Pacha alisema. Akachukua waya, akaingia mwenyewe.

Gurudumu lilikuwa karibu na shavu lake, linanuka chuma cha moto na kitu kibichi kama nyasi iliyokatwa. Mdomo wa bomba ulikuwa upana wa vidole viwili. Akachokonoa. Tope likamdondokea jichoni. Akachokonoa tena, anajisemea ni bomba tu, ni kama kuzibua sinki la jikoni. Upande mmoja ukafunguka. Alikuwa anajiviringisha kwenda upande wa pili aliposikia mlio, mfupi, wa mbao inayominywa. Gurudumu likasogea.

Halikusogea sana. Upana wa kiganja. Alilala kama alivyo, haombi, hapumui, akiitazama alama ya kijani kwenye chuma. Kule nyuma kigingi kilikuwa kimelia. Juu yake mtu alipiga ukelele, na sauti ya Bendera ikasema, "Tulieni! Tulieni, anakuja." Angeweza kutoka, na miguu yake ilitaka kutoka. Akaingiza waya kwenye bomba la pili. Waya ukagonga ukingo mara tatu kabla haujapata tundu. Alipozibua akatoka kwa kiwiko na kisigino, na Bendera akamshika kwapani kumwinua kama mtoto.

"Usinifanyie hivyo tena," mzee alisema. Midomo yake ilikuwa imekauka.

Wakamimina mchanga, ndoo nne kila upande. Mama Pacha akapanda, akaketi, akafuta mikono kwenye sketi mara mbili. Mbele, abiria walikuwa wamejipanga pembeni mwa njia kama watu wanaosubiri msafara wa mkubwa. Akaweka breki ya injini kidogo tu, kiasi cha kuyazuia magurudumu yasikimbie peke yake. Akasogeza mkono wa nguvu nafasi ya kwanza. Akagusa pedali ya mchanga, kwa muda wa kuhesabu mbili, akaachia.

Mkwaruzo ukaja.

Akaanza kuachia breki za mabehewa, polepole, kwa hofu ya mtu anayeachia mkono wa mgonjwa anayejaribu kusimama. Treni ilirudi nyuma, nusu hatua. Kisha ikashika. Nafasi ya pili. Mwendo wa mtembea kwa miguu. Nguzo ya simu ikapita dirishani, safari hii ikienda upande unaofaa. Gurudumu la mbele likateleza, injini ikapiga kelele, na kila kitu mwilini mwake kikamwambia aongeze nguvu. Akapunguza. Kupunguza wakati unataka kukimbia, hilo ndilo gumu. Akagusa mchanga, akasubiri, akaongeza. Likauma.

Alihesabu nguzo. Ya nne, ya tano. Hakujua mchanga umebaki kiasi gani, na hakukuwa na kipimo. Kwenye nguzo ya saba mkwaruzo ukakatika, pedali ikatoa upepo mtupu. Lakini hapo reli ilikuwa imefutwa na jua limeikausha, na viwavi walikuwa wachache. Treni ilipanda kama inachechemea, ikafika kileleni, na uzito ukamtoka mgongoni. Watu walishangilia. Yeye alikuwa anatazama redio, akitafuta sauti ya kumwambia mdhibiti aite gari la wagonjwa lisubiri stesheni.

Mdogo wake alifanyiwa upasuaji mchana ule ule. Mtoto wa kike, mdogo lakini mwenye mapafu ya kupiga mbiu. Mama wa mtoto naye akapona, ingawa daktari alisema kwa uso mkavu kwamba saa mbili zaidi zingekuwa hadithi nyingine.

Jumapili alasiri Nyundo alikuja nyumbani kwa Mama Pacha. Aliketi ukingoni mwa kochi, kofia mikononi, akatazama zulia.

"Shemeji," alisema, "ulijua mchanga ule ulikuwa hivyo?"

"Hilo swali ni langu, shemeji. Wewe ulijua?"

Nyundo alisubiri pacha mmoja apite sebuleni na kutoka. "Nilijua ni mbichi. Jiko la kukaushia mchanga limekufa wiki sita. Msimamizi alisema jazeni hivyo hivyo, andikeni mkavu, treni zisichelewe. Nimeandika kwa wiki sita. Hakuna kilichotokea, mtu unazoea." "Sikujua kuna viwavi. Nilimpandisha mke wangu kwa mikono yangu hii."

Mama Pacha alikuwa amebeba maneno makali tangu Alhamisi, siku ile ya mlima, ameyapanga, ameyanoa. Sasa hayakutoka. "Ripoti nimeshaandika," alisema. "Nimeandika mchanga ulikuwa mbichi na karatasi ilisema mkavu. Na nimeandika kwamba mimi sikufungua kifuniko."

"Utaniponza."

"Nimejiponza na mimi. Kesho kuna mwingine atakanyaga pedali ile ile."

Nyundo aliondoka bila kunywa maji aliyoletewa. Jumatatu Mama Pacha hakuweza kula. Jumanne aliitwa mbele ya kamati ya uchunguzi, na kabla hajaingia akamwona shemeji yake anatoka, macho mekundu. Nyundo hakuitwa na mtu. Alikwenda mwenyewe kuwaambia habari za jiko, za msimamizi, na za kila injini aliyoiandikia uongo. Wakaenda kufungua masanduku ya injini kumi na moja zilizokuwa kazini siku ile. Saba zilikuwa na mchanga mbichi. Msimamizi aliondolewa. Nyundo alisimamishwa miezi miwili, na Mama Pacha akapewa onyo la maandishi na mwezi mmoja bila kuendesha. Bendera, aliyeulizwa kama maji yaliingilia njiani, alijibu kwamba yeye ni mtaalamu wa bendera, mambo ya maji hayajui, ila mchanga ulikuwa mbichi tangu karakana.

Mdogo wake aliyapokea tofauti. "Ungenyamaza, dada," alimwambia kwa simu. "Tulikuwa tumeshapona sote. Nilihitaji mume, sio mtu anayekaa ndani anaangalia ukuta." Akakata. Akipigiwa hapokei. Wiki tano zilipita hivyo, na Mama Pacha alirudi kazini akaupanda mlima ule tena, hana wa kumsimulia.

Wiki ya sita, mchana, mlango ulipigwa teke. Alipofungua alimkuta mdogo wake, begi begani, mtoto analia kwa nguvu zote.

"Nyundo kaitwa karakana kabla hata adhabu haijaisha, jiko jipya limefika wanataka alifunge," mdogo wake alisema bila salamu. "Huyu hajalala tangu alfajiri. Mpokee. Bado nimekununia, lakini mikono imechoka."

Mama Pacha akampokea mtoto, akamlaza begani, akaanza kutembea naye sebuleni. Mdogo wake akavua viatu, akaenda jikoni kutafuta kama kuna chakula.